Kisonono kimenirudia mara ya tatu, kwani mwili hauzoei?

MtuWaKayole: Wadau habari zenu, naandika nikiwa na aibu lakini acha niseme tu. Niko Kayole, miaka 29, nina mke. Mwaka jana nilishikwa na kisonono nikanunua vidonge kwa kemisti usaha ukaisha, baada ya miezi minne kikarudi nikaenda kliniki nikadungwa sindano kikaisha kabisa, na sasa wiki hii tena kukojoa ni moto. Surua niliugua nikiwa mtoto na haijawahi kunirudia, sasa hii mbona mwili hauishiki sura? Ama kinga yangu imeisha? Na kama kinajibadilisha vile nasikia, si basi hata dawa haitakiweza? Naombeni ushauri, silali.

DadaMaabara: Pole sana kaka, umefanya vizuri kuuliza. Kurudiwa na kisonono peke yake si dalili ya kinga kuisha. Nafanya kazi maabara na hiki kijidudu nakijua. Mwili humkumbuka adui kwa zile protini zilizo juu ya ngozi yake. Sasa hiki kina vinywele vya kujishikilia ndani ya njia ya mkojo, na jeni inayovitengeneza ni moja tu, lakini pembeni kuna kopi nyingi zimelala, hazitengenezi kitu, kazi yao ni kutoa vipande. Kinachukua kipande huku kinapachika kwa ile inayofanya kazi, kesho vinywele ni vingine, ni kama fundi wa Gikomba mwenye koti moja na rundo la viraka.

Halafu kuna protini zinaitwa Opa, jeni zake ni kama 11 na kila moja ina swichi yake. Hiyo swichi inanishangaza mpaka leo. Ndani ya jeni kuna herufi tano, CTCTT, zimejirudia rudia, na DNA ikinakiliwa pale inateleza, rudio moja linaongezeka ama linapotea. Jeni husomwa herufi tatu tatu, kwa hivyo zikiongezeka tano usomaji wote unavurugika, protini inakatika njiani, swichi imezima. Ikiteleza tena inawaka. Ni bahati tu, lakini vijidudu ni vingi mno, hakukosi wachache wenye sura ambayo mwili haujaiona, na hao ndio wanabaki kuzaana.

MjukuuWaDodoma: Umenikumbusha babu akisimulia homa ya papasi, wale wa kwenye nyumba za udongo. Homa inapanda siku kadhaa, inashuka, mtu anadhani amepona anarudi shambani, baada ya wiki hivi inamwangusha tena. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni mchezo huo huo, bakteria wake Borrelia anabadilisha protini ya juu, mwili ukimaliza wa koti la kwanza wale wa koti la pili wanaanza.

NesiEastlands: Kaka nijibu hilo la dawa maana wengi huchanganya. Kubadilisha koti si usugu. Sindano ya seftriaksoni haijali vinywele wala Opa, inavuruga ujenzi wa ukuta wa kijidudu, koti liwe lolote. Usugu ni jambo lingine na upo, penisilini na siprofloksasini zilishashindwa sehemu nyingi, ndiyo maana vidonge vya kununua bila kupimwa vinanitia wasiwasi. Lakini mke wako alitibiwa? Wanawake wengi hawasikii dalili yoyote, na mimi naona shida iko hapo. Nendeni wawili, mtibiwe siku moja, mkae siku saba bila kukutana kimwili, na kama kuna mwingine nje naye aambiwe, sikuhukumu. Pimeni na HIV na kaswende.

MtuWaKayole: Hakutibiwa. Sikumwambia, mara zote mbili. Nitamwambia leo jioni akitoka kazini. Sasa nipimwe kabla ya dawa ama baada?

DadaMaabara: Kabla. Usimeze antibayotiki yoyote, omba waoteshe sampuli ijulikane dawa gani inaua hicho chako. Na usikojoe kwa angalau saa moja kabla ya kupimwa.