Watoto wa Dani 🐟 (kikundi cha familia ya Dani, yaani nyanya, Kisumu)

*Waya (shangazi) Rose:* Hamjambo wanangu. Fundi yuko hapa ufuo wa Dunga anapima kibanda changu cha samaki. Sakafu itakula mifuko minane ya simiti. Desemba ndiyo hiyo, wateja wa samaki wanakuja. Nani ana nini?

*Apiyo (Nairobi):* Waya, simiti tena? Si uliambiwa usijenge kitu cha kudumu mpaka mpango mpya wa ufuo wa ziwa utoke?

*Waya Rose:* Niliambiwa. Na mwaka juzi niliambiwa hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilipoenda ofisini kuuliza, ramani iko kwa mkubwa. Mara ya pili, mkubwa amehamishwa. Mara ya tatu wakaniandika kwenye daftari, nikaona jina langu la mara ya kwanza bado liko pale juu 😂

*Ouma:* Waya, pale kandokando ya ziwa kuna wenyewe wengi. Ziwa ni ardhi ya umma mikononi mwa serikali kuu, Katiba kifungu cha 62. Pale bandarini reli iko tangu garimoshi lifike 1901. Halafu kupanga mji ni kazi ya kaunti. Huyu akichora, yule hajatia sahihi. Yule akitia, bajeti imeisha.

*Baba Mdogo:* Ouma, hiyo ni meseji ama insha? 😄 Lakini ni kweli. Picha za ufuo mpya naziona tangu ukiwa darasa la pili. Mataa, bustani, mzungu anatembeza mbwa. Hata 2022, ule mkutano wa miji ya Afrika ulipoletwa hapa, nikasema sasa ni sisi. Wageni wakala samaki wetu mbuta, wakaenda zao.

*Apiyo (Nairobi):* Kwenye hizo picha mama wa samaki yuko wapi?

*Baba Mdogo:* Amesimama nyuma ya mti.

*Dani:* 🎤 0:52

*Ouma:* Kwa walio kazini: Dani anasema Lwang'ni, vile vibanda vya samaki pale ufuoni, kwa Kijaluo iliitwa nzi na nzi walikuwepo kweli, lakini watu walikula wakashiba. Ilipobomolewa, wale mama walisambaa kila mtu na sufuria yake. Pia anauliza huyo anayechora kama anajua maji yatasimama wapi.

*Waya Rose:* Muulizeni huyo! 2020 nilikuwa nakaanga samaki ngege, maji ya ziwa yakiwa kwenye magoti.

*Ouma:* Na 2024 yalipanda kupita hata rekodi ya 1964, ile Dani husimulia.

*Baba Mdogo:* Rose, wacha simiti. Sakafu tandika kabro, yale matofali ya kupanga, juu ya mchanga. Fremu nitakuchomelea mimi, tufunge na nati na bolti, hakuna msumari. Siku wakija na trekta, ama ziwa likija lenyewe, unafungua unabeba.

*Apiyo (Nairobi):* Yaani tunajenga kibanda cha kukimbia nacho.

*Baba Mdogo:* Una kingine?

*Apiyo (Nairobi):* Sina. Natuma elfu nne za kabro. Lakini inaniuma, Waya amekaa hapo miaka yote hiyo na bado anajenga kama mgeni.

*Ouma:* Mimi elfu moja, helb (mkopo wa chuo) ikiingia.

*Baba Mdogo:* Helb ikiingia 😂😂 Andika sifuri.

*Waya Rose:* Asanteni wanangu, Mungu awazidishie. Sasa, choo?

*Baba Mdogo:* Choo kimefanya nini?

*Waya Rose:* Wa afya anataka choo ndiyo anipe leseni. Wa ramani anasema nisichimbe shimo mpaka mpango utoke. Niliwaomba waketi meza moja, kila mmoja akaniambia niandike barua kwa mwenzake.

*Ouma:* 🙆🏾‍♂️

*Apiyo (Nairobi):* Baba Mdogo, choo hakifungwi na bolti?

*Baba Mdogo:* Nafikiria.

*Waya Rose:* Ukifikiria, wateja wangu wanaenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Shilingi ishirini kila mtu, nalipa mimi. Jumapili iliyopita walikunywa soda sana.