Nani alikuwepo Chuo cha Sanaa Bagamoyo ule mchezo wa binti na kisima? Naomba mwisho wake

Binti_Kiwangwa

Habari za jioni wanajamvi. Nina jambo linanisumbua tangu utotoni, naombeni msinicheke.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la nne, kwetu Kiwangwa. Mjomba wangu alikuwa anapeleka mananasi Bagamoyo kwa pick-up ya mtu, siku hizo ile barabara hata lami haijaiota, ukifika mjini nywele zimekuwa nyekundu. Siku hiyo akasema leo Chuo cha Sanaa kuna tamasha, twende ukaone watu wanavyoruka, basi mi nikajua naenda kuona sarakasi tu. Na kweli zilikuwepo, kuna jamaa walipandana mabegani mpaka nikafumba macho, kisha ikapigwa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, majembe yanarushwa juu yanadakwa, mi nimekaa chini mbele kabisa na mihogo yangu kwenye gazeti. Halafu ndo ukaja huo mchezo.

Jina silijui. Kijiji kimekauka, wazee wanakaa kikao, wanasema kisima kinamtaka binti. Binti anapewa mtungi ashuke nao. Sasa maji yenyewe yalikuwa kitambaa cha buluu, kirefu, kimeshikwa pembeni na wanafunzi, wanakitikisa, na kila binti akiimba kinapanda. Kikafika magotini. Akaimba tena, kiunoni. Mi nilikuwa naviona kabisa vidole vya waliokishika, najua ni kitambaa, lakini kilipofika kifuani nilianza kulia kwa sauti mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipakata. Wimbo naukumbuka hivi:

*Maji ee, pandeni taratibu,*
*mtungi wa bibi, nitampa nini jibu*

Yaani anazama huku anawaza mtungi wa watu! Kikamfunika kichwa. Na palepale umeme ukakatika, giza, na mjomba akanishika mkono, tunaondoka, mwenye gari anapiga honi nje. Nikang'ang'ania, nikabebwa kama furushi. Huku nyuma nawasikia watu bado wanaimba.

Sasa niambieni, yule binti alitoka? Mjomba alikuwa ananijibu "alitoka, lala." Mpaka anafariki Mungu amrehemu jibu lake ni hilohilo, na hakuuona mwisho kama mimi.

kaka_wa_Magomeni

Ahahaha "alitoka, lala" 😂😂 wajomba wa zamani bana.

Mi nilikuwepo ila mwaka sina uhakika, nachokumbuka ni mvua. Kuna mahali wanapiga mvua kwa ungo na choroko, wanazungusha taratibu shhhhh, kisha wanaongeza. Bibi mmoja nyuma yetu akainuka anasema jamani nimeanika dagaa, akatoka mbio kweli! Watu wakacheka mpaka waigizaji wakacheka. Dagaa zilikuwa salama.

Mwisho nadhani binti aligeuka nyoka.

SindimbaBoy

Hakugeuka nyoka, unachanganya na hadithi za bibi yako. Alirudi akiwa mzee, na ndoo ya plastiki. Nilikuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupeleka na tukarudi tukaandika insha. Akatuambia mtungi kuwa ndoo ni ishara, jadi inaingia kwenye usasa na inachechemea, maana binti alirudi anachechemea. Nilipata 17 kwa 20 kwa kueleza hilo la kuchechemea.

mke_wa_Chumbageni

Mie wa Tanga sikuwepo, nimepita tu kusoma na nimekaa. Huku kwetu mchezo wa jukwaani ulikuwa taarab bwana. Mama yangu aliwafuata Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya kwetu, wakati gitaa limeingia kwenye taarab, ile ya Tanga yenye mdundo wa kucheza, siyo ya kukaa umekunja nne kama unasubiri daktari. Shakila wa Pangani akianza kuimba mama anasema ukumbi unatulia halafu mmoja anainuka na noti, anakwenda anayumba taratibu kutunza, na njia nzima anamwangalia mke mwenzie. Hapo maigizo yapo mawili, la jukwaani na la kwenye viti. Shakila alipofariki 2016 mama alizima redio siku tatu.

Haya endeleeni, na mie nataka kujua kama kabinti katoka.

pembe_ya_kushoto

Naona leo lazima niseme. Nimesoma uzi huu mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Binti_Kiwangwa, hivyo vidole ulivyoviona inawezekana ni vyangu. Nilikuwa mwanafunzi pale, nashika kitambaa pembe ya kushoto mbele. Kitambaa chenyewe ni vipande sita vya bafta tulivyoshona kwa mkono na kuvichovya rangi, na rangi haikushika, kwa hiyo watu wa maji wote tulikuwa na viganja vya buluu mwezi mzima, ukienda kula mgahawani wanajua huyu kisima.

Mchezo haukuwa na jina rasmi, tulikuwa tunauita "ya kisima" basi. Ulikuwa wa wanafunzi, nyimbo tulitunga wenyewe barazani, mtu anatoa mstari mwingine anaukataa. Ala tulipanga hivi: ngoma zinabeba kijiji, lakini binti akianza kushuka ngoma zote zinanyamaza inabaki ilimba peke yake, ile ala ya Wagogo ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba. Hapo tuliiga bila aibu. Mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, alikuwa palepale Bagamoyo, ukipita unamsikia anaipiga ilimba, zile chuma nyingi zinavuma kama nyuki wako ndani ya gogo, na ukishamsikia huwezi tena kuweka kitu kingine hapo. Tulijaribu zeze, ikawa kilio mno. Ilimba haikulilii, inakuacha ulie mwenyewe.

Sasa mwisho, kama ulivyopangwa. Binti akifunikwa anatambaa chini ya kitambaa, anatoka kwa nyuma, anazunguka nje ya ukumbi, na wakati mvua ya ungo inapigwa anaingia kwa mlango wa watazamaji, kutoka nyuma yenu, mtungi kichwani una maji ya kweli, anawanyunyizia. Watu wanapiga kelele. Ndo mwisho, alitoka.

Lakini siku yako haikuwa hivyo. Umeme ulipokatika yeye alikuwa tayari nje, giza, akakanyaga hewa na kutumbukia mtaroni, mtungi na yeye. Sisi ndani hatujui. Tumeshika kitambaa mikono juu, inatetemeka, tunasubiri aingie, haingii. Kiongozi wa ngoma akaturudisha kwenye kiitikio. Mara ya kwanza tuliimba sisi. Ya pili watu wa mbele wakadakia. Ya tano ukumbi mzima unaimba *maji ee pandeni taratibu*, hakuna taa, hakuna kipaza sauti, mtu wa ungo choroko zimemwagika anazitafuta kwa mikono sakafuni. Mi nimeshafanya kazi ya jukwaa miaka mingi baada ya hapo na kundi la sherehe, sijasikia tena watu wakiimba vile. Dakika kumi nzima, labda robo saa. Ndo hizo sauti ulizozisikia umebebwa kama furushi.

Mwishoe akaja chemli moja, na nyuma yake binti, goti limechunika, anachechemea. Mtungi umebaki shingo tu, kaishika mkononi. Kichwani ana ndoo ya plastiki kaiazima kwa mama aliyekuwa anauza maji ya baridi nje. Ndoo nyekundu. Akanyunyiza watu hivyohivyo, na maji yalikuwa na barafu!

Kwa hiyo SindimbaBoy, samahani kwa 17 zako.

SindimbaBoy

Daaah. Mkuu umeniulia utoto. Na hilo la kuwa mzee je? Nakumbuka nywele nyeupe kabisa.

pembe_ya_kushoto

Unga wa muhogo. Alipotumbukia alijishika kwenye meza ya mtu.

kaka_wa_Magomeni

😂😂😂😂 nimekaa chini

Mwl_Mstaafu_Dunda

Wanangu hamjambo. Nimefurahi kuona kuna watu bado wanaukumbuka ukumbi ule. Vijana wa sasa wanalijua jengo jipya tu na jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambalo limeanza 2007, lakini sisi mpaka kesho tunasema Chuo cha Sanaa. Kilianzishwa 1981, baada ya yale makundi ya taifa ya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa, na tamasha likaanza mwaka uliofuata. Hao mabingwa waliopandana mabegani, Binti_Kiwangwa, ujuzi wao ulitoka mbali, maana vijana wa kwanza wa sarakasi serikali iliwapeleka kujifunza China enzi za Mwalimu Nyerere.

Ukumbi wa zamani ulipoungua 2002 nilikwenda kuangalia asubuhi. Sikukaa. Na mwaka uliofuata, Desemba, Mzee Hukwe naye akatuaga. Mimi nilikuwa naona mji umekaa kimya mno, jioni unasikia mawimbi tu na redio za watu.

Ila niseme na moja, si la ugomvi. Wimbo haukuwa "mtungi wa bibi." Ulikuwa "mtungi wa mama."

Binti_Kiwangwa

Shikamoo mwalimu. Shikamoo na wewe pembe ya kushoto, sijui nikuite mjomba au nikuite kisima.

Nimesoma nikiwa kazini, ikabidi niende chooni nikalie. Miaka yote nilidhani watu walikuwa wanaimba kwa sababu ndo mchezo ulivyo, kumbe walikuwa wanamsubiri. Na mi kwenye pick-up niliimba njia nzima mpaka mjomba akasema ukiendelea nakushusha, nikaendelea kwa kunong'ona, yaani na mi nilikuwa namsubiri bila kujua. Tulipofika Kiwangwa nililala na vumbi langu.

Na mwalimu samahani, lakini ni BIBI. Nimeimba hivyo miaka thelathini, wanangu wawili wamelala kwa wimbo huo.

Mwl_Mstaafu_Dunda

Marahaba mwanangu. Mama.

pembe_ya_kushoto

Tulitunga "wa mama." Ila wiki ile ya tamasha tukabadilisha, kwa sababu mtungi wetu wa chuo ulikuwa na ufa, ukitia maji unavuja mpaka shingoni kwa binti, basi tukaenda kuazima kwa bibi mmoja pale njia ya Kaole. Mtungi mzuri mweusi, wa zamani, mdomo umelainika kwa kata. Akatukabidhi kwa masharti, akasema nitakuja kuuangalia. Basi kwa utani tukamwimbia "mtungi wa bibi nitampa nini jibu," na bibi mwenyewe yupo mstari wa pili anatabasamu.

Kwa hiyo mwalimu uko sahihi kwa mazoezi, Binti uko sahihi kwa siku yenyewe.

mke_wa_Chumbageni

Subiri subiri subiri. Bibi yupo mstari wa pili, na mtungi umerudi shingo tupu???

pembe_ya_kushoto

Ndiyo dada. Hakusema kitu. Alisimama, akaichukua ile shingo kwa binti, akaifunga kwenye upindo wa kanga, akaondoka. Kesho yake tukachanga, tukampelekea sufuria mpya namba kubwa, tumeongozana watu wanane wenye viganja vya buluu. Akaipokea, akatupa na kahawa.

mjukuu_Kaole

Nimejiunga humu leo kwa ajili ya uzi huu, kaka yangu kanitumia.

Hiyo shingo ya mtungi ipo kwetu. Bibi aliigeuza kikalio, anaweka chungu cha dawa juu yake, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, ukiuliza anasema "hiyo ilikwenda kisimani." Tulidhani ni mambo ya mizimu, tunaipitia mbali.

Sufuria hatukuwahi kuipenda, inaunguza wali. Mtungi bado tunawadai.

pembe_ya_kushoto

Nitumie ujumbe ndani, nauliza wafinyanzi.

kaka_wa_Magomeni

Na mwenye meza ya unga wa muhogo ajitokeze 😂