Wakuu, korongo la Kihansi na wale vyura wake, hali ikoje?

Kijana_wa_Ifakara:
Habari za jioni wakuu. Naomba kujuzwa kuhusu lile korongo la Kihansi kule Udzungwa penye bwawa la umeme. Jana kijiweni wamebishana sana, mmoja anasema vyura walipelekwa Marekani na hawakurudi, mwingine anasema hela zimepotea bure kwa chura hata haliwi. Mi swali langu ni moja, mto bado upo na msitu bado upo, sasa hao vyura waliishaje?

Ticha_Bios:
Mkuu yule chura haishi mtoni, anaishi kwenye manyunyu. Mto Kihansi unaporomoka toka ukingo wa Udzungwa kushuka bonde la Kilombero, maji yakigonga mwamba yanarusha ukungu usiku na mchana, na pale pembeni pakaota majani na kuvumwani ambavyo havikauki mwaka mzima. Hicho kieneo ni kama hekta 2 tu, ndo dunia yake yote, hakuna kwingine alikowahi kuonekana. Aligunduliwa 1996 ujenzi umeshaanza. Mitambo ikawashwa, megawati 180, na karibu maji yote yakaingizwa kwenye handaki kwenda kwenye mashine, kule kwenye maporomoko yakabaki kidogo sana. Mto upo ndio, lakini manyunyu yaliisha, pakakauka na mimea mingine ikavamia. Msitu wa korongoni ulibaki ila ile sehemu ya ukungu ndo iliumia.

mama_Tariq:
Na hilo la Marekani huyo jamaa kasema nusu. Mwishoni mwa 2000 walichukuliwa karibu 500 wakapelekwa kutunzwa kwenye bustani za wanyama, Bronx ikiwemo, baadae na Toledo. Huku nyumbani yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga ule ukungu, na yakafanya kazi kweli, vyura wakaongezeka wakafika maelfu, halafu 2003 ndani ya miezi michache wakapukutika karibu wote. Mizoga ilikutwa na fangasi wa ngozi anayeua vyura sehemu nyingi duniani. 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Ila WALIRUDI, 2010 vyura 100 walipandishwa ndege kuja chuo kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Mwambie hivyo.

fundi_bomba_82:
Mi nilishafanya kibarua pale, niongezee. Kabla hujashuka unasafishwa buti kwa dawa kwa ajili ya huyo fangasi, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Kazi kubwa ni vile vitundu vya kunyunyizia, mto ukija na mchanga vinaziba, usipozibua majani yanaanza kunyauka kwahiyo lazima mtu awepo. Chura mwenyewe ni wa njano, jike kubwa halifiki sentimita 3, unaweza kumkanyaga usijue. Na hatagi mayai, anazaa vichura vilivyokamilika, vidogo kama punje. Kuna na kahawa pori humo inaota chini ya miti, ina jina la Kihansi kabisa kwenye vitabu vya mimea. Wanaosema haliwi waelewe tumewasha taa kwa maji yake, kumrudishia ukungu ni deni.

Kijana_wa_Ifakara:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa, kumbe bila mabomba pale hakuna kitu. Naweza kwenda na wanangu wakaone?

Ticha_Bios:
Usiende tu kienyeji mkuu, kule ni eneo la mitambo ya umeme na korongo lenyewe linalindwa, ulizia kwanza TANESCO na NEMC, lile baraza la mazingira. Ikishindikana wapeleke hifadhi ya taifa ya Udzungwa, mnashukia Mang'ula, mnapanda maporomoko ya Sanje mita 170, wapate kuloweshwa na manyunyu ya ukweli. Wavae viatu vyenye meno, njia inateleza.