PhD ya ubongo inaisha: maabara Ujerumani au konzo huku Mtwara?

Binti_Mikindani:
Wakuu habari za humu. Namalizia PhD ya sayansi ya ubongo na nina njia mbili mbele yangu. Moja ni Ujerumani, mkataba wa miaka miwili, kazi ni panya wa maabara, unapima umeme wa seli za neva. Ya pili nirudi nyumbani nifuatilie konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ghafla uliotokea Mtwara hii hii miaka ya mwanzo ya 2000, watu wanakula mihogo michungu ambayo haijaandaliwa vizuri, na wanaopata zaidi ni watoto na kina mama, ukishapooza ndo basi miguu hairudi kama zamani. Moyo uko huku ila hela ya utafiti iko kule. Nisaidieni.

Mmakonde_Newala:
Dada nenda. Ukiomba hela ya utafiti wanaangalia umechapisha nini, na bila maabara yenye vifaa utachapisha nini? Konzo itakusubiri.

Makopa_Lindi:
Mkuu hapo juu sikubaliani kabisa. Kwenye panya watu wamejaa, kwenye konzo wanahesabika, na maswali bado yapo mengi tu: sayanaidi, ile sumu ya muhogo mchungu, tunajua inahusika, sasa kwa nini inapiga zaidi zile neva za mwendo, na kwa nini nyumba moja, chungu kimoja, huyu anapooza yule mzima? Hiyo si sayansi ya ubongo? Alafu kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele pale Mtwara kuna watafiti wa mihogo, utafanya nao kazi bila kupanda ndege. Na kinga yenyewe kila mama anaiweza, unalowesha unga na maji, unautandaza mwembamba, masaa mawili juani au matano kivulini, sayanaidi inatoka na hewa, jioni unasonga ugali. Anatakiwa mtu wa kupima kama vijijini wanafanya kweli na inasaidia kiasi gani.

Daktari_Kusini:
Mdogo wangu, tatizo sio Ujerumani, tatizo ni kwenda bila kuwa na mwajiri nyumbani. Nimeona vijana wanaondoka kwa miaka miwili, mkataba unaisha wanashika mwingine, mwisho hawarudi, na siwalaumu maana hapakuwa na kiti kinachowasubiri. Tafuta kwanza nafasi ya uhadhiri, Muhimbili au popote, ndo uende kwa ruhusa. Na huyo profesa wa Ujerumani muulize mapema kama sehemu ya muda wako inaweza kuwa ya konzo. Akikataa umeshajua. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nacho anza sasa, kinachukua muda.

Binti_Mikindani:
Asante sana daktari, la mwajiri sikuwa nimelipa uzito. Profesa namwandikia wiki hii. Makopa, kupima thayosianeti (inayoonyesha sayanaidi iliyoingia mwilini) kwenye mkojo wa watoto wa shule naweza kuanza hata na vijiji vichache, unamjua mtu wa Naliendele wa kuniunganisha naye?

Makopa_Lindi:
Yupo, njoo inboksi.