Mrejesho: presha ya oili kushuka kwenye kona

Wadau, asanteni sana. Niliuliza hapa kwa nini Toyota Starlet yangu ya otokrosi (mbio za magari) inawasha taa ya oili kila nikishika kona ndefu ya kushoto, geji ya presha ikianguka kutoka baa 4 (baa ni kipimo cha presha) hadi chini ya 1.

Aliyesema nianze na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alisema kweli. Tuliifungua kwa fundi wa jua kali huku Nairobi, Industrial Area, tukakuta ndani iko wazi kama sufuria. Kwenye kona oili yote inakimbilia upande mmoja, bomba la pampu la kufyonza oili linabaki likivuta hewa. Fundi akachomelea kuta za bati kulizunguka, zenye vimlango vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu: oili inaingia, haitoki. Nilivijaribu kwa kidole kimoja kimoja kabla hajafunga. Kimoja kilikwama kwenye tone la weldi, akakipiga tupa.

Oili nzito ya 20W-50 haikusaidia, maana pampu ikivuta hewa uzito hauna kazi. Kuzidisha nusu lita kulipunguza tatizo, lakini oili ikaanza kutapikwa kwenye bomba la kupumulia, nikairudisha kwenye alama ya kijiti cha kupimia.

Sasa kona ile inashika baa 3. Injini ikichemka sana bado inagusa 2, kwa hiyo lile tangi la akiba la presha mlilonishauri, la kusukuma oili kwenye injini presha ikishuka, bado nalihitaji. Pesa ndiyo haijatosha.

Mliosisitiza nikague beringi za krenki (shafti kuu ya injini), Mungu awabariki. Mbili zilikuwa zimeanza kukwaruzika, nikabadilisha zote.