Acheni kuwaleta wageni kuotesha mikoko kwenye mchanga mtupu!

Wadau, na hasa nyie wasimamizi wa hifadhi, hili linaudhi na lazima lisemwe. Kila kikundi kinachotembelea hifadhi za mikoko kinapelekwa ukingoni kabisa maji yakishakupwa, kinachomeka miche kwa mamia, kinapiga picha, kinaondoka. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma, mawimbi yanang'oa yote. Mwakani kinaletwa kikundi kingine, palepale!

Kosa linaanzia kwenye aina. Kinachopandwa ni mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, kwa sababu mche wake ni kijiti kirefu, rahisi kuokota na kuchomeka. Lakini wa kukaa mbele, panapopigwa na mawimbi, ni mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma yake, kisha aina za msinzi na mkandaa. Mchu huvumilia hata kule juu kwenye chumvi kali. Mbegu za mlilana ni ndogo mno, zinataka kitalu na miezi ya kuhudumiwa, ndiyo maana hamuutaki.

Hata huo mkoko mnauvuna vibaya. Mche uliokomaa una pete ya manjano pale unaposhikana na tunda, ukiguswa tu unadondoka. Nyie mnanyofoa mibichi. Halafu mtu anauchomeka juu chini! Ncha nyembamba yenye chipukizi ielekee juu, theluthi moja izame topeni, nafasi iwe mita moja hadi moja na nusu. Na wa kitaluni, vueni kiriba, ule mfuko wa plastiki, kabla ya kuutia shimoni. Mizizi inajizungusha humo ndani, mti unadumaa, plastiki inabaki baharini.

Linalouma zaidi ni njia ya kupita. Vile vijiti kama penseli vinavyochomoza topeni chini ya mchu ni mizizi ya kupumulia. Tope halina hewa, mti unapumua kwa hapo. Watu hamsini wenye mabuti wakipita, inakatika. Mnaua miti mikubwa mkienda kupanda midogo! Gazi kule Kwale, Kenya, akina mama wana daraja la mbao linalopita juu ya mizizi, na mgeni anaona kila kitu bila kukanyaga.

Panapofaa, mikoko huota yenyewe, maji ndiyo yanayoleta mbegu. Isipoota, tafuteni kilichoziba maji, liwe tuta la barabara au ukingo wa shamba la chumvi, mpafungue.

Wasimamizi wa hifadhi, hesabu ya miche iliyopandwa tumeichoka. Wekeni hapa ya iliyo hai baada ya mwaka mmoja.