Mjadala: Malkia Hatshepsut arudishwe kaburini au abaki makumbusho?

Bin Kombo: Wadau nina swali. Huyu mama katawala Misri miaka 20 na ushei, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, kaburi lake pale Bonde la Wafalme lina urefu wa zaidi ya mita 200. Leo maiti inayosemekana ni yake iko Cairo, watu wanakata tiketi kumtazama. Mi nasema arudishwe. Heshima ya maiti ni kuzikwa.

Mwana wa Mwambao: Firauni ni Firauni tu. Soma Yunus 92, mwili umebakishwa uwe ishara kwa wanaofuata. Halafu mwanamke mzima anavaa ndevu za bandia kujifanya dume, huyo ndo wa kumlilia?

Mama Zuhura: Kumbe ndevu ndo zimekukaa rohoni. Zile zilikuwa vazi la kiti mwanangu, ukiwa mfalme wa Misri unachongwa nazo. Alianza kama msimamizi wa mtoto wa mumewe, Thutmose wa 3, baadaye akajitangaza mfalme mwenyewe, na maandishi yake mengi bado yanamtaja kwa maneno ya kike, hakumficha mtu kitu. Na aya uliyotaja ni ya Firauni wa Musa aliyezama, usimbebeshe kila aliyekaa kile kiti. Bi Asiya naye si aliishi nyumba ya Firauni?

Mwana wa Mwambao: Bi Asiya aliamini, usimlinganishe na huyo. Na dini hunifundishi wewe.

Fundi Saa: Jamani mnagombana ndevu, hamjauliza kama ni yeye. Carter, yule Mwingereza mchimbuaji wa mambo ya kale, mwaka 1903 aliingia kaburi dogo hukohuko Bonde la Wafalme, namba 60, akakuta wanawake wawili, mmoja kwenye jeneza, anaaminika ni yaya wa malkia, mwingine sakafuni hana jeneza. Ikapita zaidi ya miaka mia, 2007 Hawass, mtaalamu wa mambo ya kale wa Misri, na wenzake wakapiga picha za CT, zile za kuonyesha ndani ya mwili, wakasema jino lililokuwa kwenye kisanduku chenye jina la malkia ni la yule wa sakafuni. Wapo wataalamu mpaka leo hawajakubali. Sasa mnamrudisha nani, na mnamrudisha wapi, sakafuni?

Bin Kombo: Hata asipokuwa yeye ni mama wa watu, Fundi. Jina halibadilishi haki ya kuzikwa.

Mama Zuhura: Kwao jina lilikuwa kila kitu! Thutmose huyohuyo uzeeni, miaka kama 20 baada ya Hatshepsut kufa, aliamuru jina la huyo mama lifutwe ukutani, sanamu zake zikavunjwa pale Deir el-Bahari, kwenye hekalu lake. Mtu aliyeamini jina likipotea naye kapotea, we unamrudisha gizani. 2021 wamemtembeza barabarani na wafalme na malkia wenzake, jumla 22, dunia nzima inalitamka jina lake. Mi naona hapo ndo kazikwa kwa heshima.

Mwana wa Mwambao: Kutembezwa barabarani ndo kuzikwa? Mama yako ungekubali?

Mama Zuhura: Mama yangu usimtie humu.

Bin Kombo: Ila hilo swali lake ndo langu la mwanzo, na hujalijibu.